Karai la Nyongeza

Ukitaka kumjua Yaa Dufie, usimuulize habari za nyanya, muulize habari za misiba. Kwenye nyanya angekuzungusha mpaka ukachoka. Kwenye misiba alisema kweli tupu: nani alikuja, nani hakuja, nani alikaa nyuma akala nyama akaondoka bila kumpa pole mfiwa. Pale Asubima, njia ya kwenda Kumasi, watu hawakupimi kwa nyumba uliyojenga. Wanasubiri mama yako afe, waje wahesabu viti.

Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walikaa chini ya maturubai yao wamevimba, wanamtazama Dufie kama kaja kuomba maji. Ndipo chama cha wauza nyanya kikaingia. Sare moja, kitambaa cheusi chenye maua mekundu, mstari mmoja, malkia wao Nana Fosuaa mbele. Wakapita wakishika mikono ya wafiwa kuanzia kulia kama desturi ilivyo, na mchango wao ukatangazwa kwenye spika mpaka mtaa wa pili wakasikia. Wale mashemeji wakashusha mabega. Dufie alilia siku ile, na si kwa ajili ya marehemu peke yake. Akajiambia moyoni kwamba chama hiki atazikwa nacho.

Sasa sikiliza chama chenyewe. Wanawake sita. Usicheke, sita tu, na mji mzima unakula nyanya. Wakati wa kiangazi, mashamba ya karibu yakikauka, nyanya inatoka Burkina, na hao sita ndio waliokuwa na mtaji wa kutuma malori mpaka kule. Uwanja wa kushushia ulikuwa wao. Ukija na lori lako bila baraka ya Nana Fosuaa, hakuna atakayekugusia hata kamba. Alikuja kijana mmoja kutoka Techiman na mzigo wake, akazungukazunguka siku mbili, mwisho nyanya zake akawamwagia kuku. Hakurudi tena.

Bei haikuandikwa popote. Alfajiri Nana alipita kwenye mabanda akisalimia. Umeamkaje, watoto wameamkaje, goti linasemaje, na katikati ya salamu bei ya tenga imo. Malori mawili yanaingia kwa siku. La tatu linasubiri kule kwenye kituo cha mafuta, hata kama limefika usiku, hata kama maji ya nyanya yanachuruzika mpaka kwenye matairi. Zikioza, zinatupwa mtaroni. Kinamama wa mjini wanapita na vikapu vyao wanaona nyanya mtaroni, wanafika uwanjani wanaambiwa mwaka huu nyanya hakuna, Mungu tu. Dufie aliyasema maneno hayo vizuri kuliko wote, tena akitikisa kichwa kwa huruma.

Lakini bei unaweza kuifunga, mkono je? Hakuna binadamu wa Asubima anayenunua kitu bila kusema "niongeze". Ukimuuzia chumvi, anataka nyongeza. Wale sita waliijua hatari hiyo mapema. Leo utampa mteja nyanya sita juu, kesho mwenzako atampa kumi, keshokutwa bei mmeifunga bure. Kwa hiyo wakaweka sheria: nyanya tatu. Tenga zima linalobebwa na watu wawili, na juu yake nyanya tatu. Wateja waliwatukana, wakazoea.

Mwenzake mkubwa Dufie pale uwanjani alikuwa Akosua Birago. Mabanda yao yalipakana. Walianza pamoja wakiwa wasichana, kila mmoja na sinia moja kichwani. Mama yake Birago ndiye aliyebeba watoto wa Dufie mgongoni ili Dufie aende Burkina. Birago alikuwa na dosari moja: mdomo. Kwenye kikao alisimama akasema mbele ya wote, "Nana, tuliingize lori la tatu. Bei ishuke kidogo. Watu wanapikia nyanya za kopo, jamani, na sisi tunatupa. Hata mwenye shamba tunamlipa kiduchu eti soko halipo. Soko lipo, tumelikalia!"

"Umemaliza?" Nana Fosuaa akauliza kwa upole.

"Sijamaliza, ila nitakaa."

Watu wakacheka, yakaisha. Yaani walidhani yameisha.

Kiangazi kile kile, zamu ya lori la Dufie ilichelewa. Mzigo ulipoingia, nusu ilikuwa imeshalainika, ukibonyeza inabonyea. Dufie akakaa na matenga yake akiona siku inapita. Ndipo alipokuja Esi, mama lishe wa pale stendi, mwanamke mnene mwenye maneno.

"Dufie, bei yenu inaninyonga."

"Si mimi, Esi. Ni mwaka."

"Mwaka gani una kitenge kipya kila mwezi? Sikiliza. Nanunua matenga manne kila siku. Yote nitachukua kwako, sitamtazama mwingine. Ila niongeze kitu cha maana. Hizo tatu zako nimpe mtoto achezee?"

Dufie akatazama huku na huku. Akafikiria zile nyanya laini, akafikiria mtaro. "Karai moja," akanong'ona. "Limejaa. Lakini usilichukulie hapa."

Likawa linawekwa nyuma ya banda la Birago, kwa sababu njia ya kwenda stendi inapita hapo, na kwa sababu Birago alikuwa amemwachia sehemu ile aweke matenga matupu. Kila tenga la Esi na karai lake, limefunikwa gunia. Wiki ya kwanza Dufie alikuwa anageuka kila mtu akipita. Ya pili akazoea. Ya tatu alikuwa anaimba.

Lakini sita wakigawana wateja, mmoja akimkosa mteja kama Esi anajua, na atafuatilia kaenda wapi. Mchana mmoja Nana Fosuaa alitembea na wenzake wanne, Dufie akiwemo, mpaka nyuma ya banda la Birago, akafunua gunia kwa ncha ya fimbo. Karai limejaa, nyanya nzuri, na juu yake kata ya kujitwishia imesokotwa tayari.

"Birago. Hii nini?"

Birago akatoka na kisu cha kukatia kamba mkononi. Akaangalia lile karai, akaangalia ile kata. Ilikuwa ya kitambaa cha buluu chenye njiwa weupe, sare ya zamani ya kwaya, na katika kwaya ile, kwa pale uwanjani, aliimba mtu mmoja tu. "Nana, hii mimi siijui," akasema. Kisha akageuka taratibu akamtazama Dufie.

Kwa nini hakumtaja? Nimejiuliza sana. Nadhani alikuwa anamwachia nafasi. Mtu wa tangu utoto unamwachia aseme mwenyewe, humtoi hadharani kama mwizi wa kuku. Akasubiri.

"Dufie," Birago akasema, "husemi kitu?"

"Niseme nini, shoga yangu?"

Lo! Mdomo ulikuwa wake, ulimi wake, na hayo ndiyo uliyoyatoa. Hata yeye aliisikia sauti yake mwenyewe, ikiwa tamu, ikiwa na mshangao kidogo.

Wakamtaka Birago atoe kondoo wa faini na kuomba radhi. Akakataa. "Kondoo simtoi. Nikimtoa nimekubali, na mimi sijafanya." Basi Nana Fosuaa akatamka mbele ya wote kwamba lori la Birago halitaingia tena, na miguu ya chama haitafika kwake, si kwa furaha wala kwa msiba. Akasema bila kupandisha sauti, akaenda zake kunywa uji.

Birago akaishia kwenye meza ndogo barabarani, anauza bamia na pilipili. Dufie akaanza kuzunguka kwa nyuma, kupitia machinjioni, kwenye matope na harufu, ili tu asiipite meza ile. Atasema Jumapili, baada ya ibada. Jumapili ikapita. Atasema Pasaka. Pasaka ilipofika akampikia Nana Fosuaa kuku. Siku akishindwa kuikwepa ile meza, Birago alimwamkia kama kawaida: "Dufie, mzima? Mguu wa mwanao umepona?" Afadhali angemtukana. Tusi ungelirudisha ukaenda zako. Ile salamu Dufie alienda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

Kisha mama yake Birago akafa.

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la soko, picha ya bibi amekaa wima, ushanga shingoni. Dufie alisimama pale na karai kichwani. Huyu alimwita "mwanangu". Huyu alimfundisha kuchagua nyanya kwa harufu. Akaenda moja kwa moja bandani kwa Nana Fosuaa kabla moyo haujapoa.

"Nana, mama yake Birago. Tutakwenda?"

"Miguu ya chama haifiki kule. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Nana."

"Sasa?"

Hapo. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Wako wawili tu, hakuna anayesikia, neno moja tu lilitakiwa. "Nilikuwa nauliza tu," Dufie akasema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Jumamosi akaenda peke yake, nguo nyeusi isiyo sare, akakaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Alitaka aonekane na asionekane. Mbele, upande wa kulia, palikuwa na safu ya viti vya chama, vimefungwa utepe mweusi. Birago hakuvipanga yeye. Alivipanga mjomba wake, Opoku, mzee mpole aliyetoka kijijini asiyejua lolote. Mzee wa watu alikuwa anatazama langoni kila gari likisimama. Ngoma ikapigwa, walimu wakaingia, wauza samaki wakaingia, kanisa likaingia, na viti vile vimekaa vitupu pale mbele. Dufie akasikia wanawake wawili pembeni yake wananong'ona.

"Wauza nyanya wako wapi? Si miaka yote alikuwa nao?"

"Mtu ukiachwa hata na wenzako wa kazi, basi kuna jambo umefanya."

"Tena zito."

Dufie akashindwa. Akainuka, akaenda kwenye meza ya michango. Akafungua pindo la nguo, akatoa fedha zote, sidi alizoweka kwa ajili ya lori lijalo, akaziweka mezani.

"Jina, mama?"

"Chama," akasema. "Sema chama. Chama cha wauza nyanya na malkia wao."

Spika ikakoroma. "Chama cha wauza nyanya cha Asubima! Na malkia wao Nana Fosuaa! Wanasema mama lala salama!" Fedha zikatajwa, watu wakapiga makofi, bendi ikaongeza sauti. Mzee Opoku akasimama, akainua mikono miwili juu kwa furaha. Wale wanawake wawili nao wakapiga. Na Birago, pale mbele, kichwa chake kimenyolewa kwa msiba, akanyanyua uso akaitafuta sare ya maua mekundu. Hakuiona. Macho yakaendelea kutafuta mpaka yakamfikia Dufie, amesharudi kwenye masufuria. Dufie akainama akajifanya anafunga kiatu.

Alirudi nyumbani moyo umepungua uzito. Kidogo tu, lakini alilala. Na hapa ndipo ninapomshangaa, kwa sababu alizaliwa pale, akakulia pale, misiba yote aliijua kwa majina. Ukichangia, mfiwa anarudi kushukuru. Anakuja na wazee wake, mchana kweupe, mpaka mlangoni kwako. Mtoto wa miaka saba wa Asubima anajua. Dufie alisahau.

Jumanne asubuhi, lori la kwanza linashushwa, akaona mzee Opoku anaingia uwanjani na wazee wawili, Birago nyuma yao, na nyuma kabisa mchukuzi na kreti la soda kichwani. Dufie akashika nguzo ya banda.

Nana Fosuaa akawapa viti na maji, akauliza habari. Mzee Opoku akasafisha koo. "Nana, sisi hatuna maneno mengi. Jumamosi mlitubeba. Miili yenu hatukuiona, tukajua kazi zimewazidi, lakini mkono wenu tuliuona na mji wote uliusikia. Tumekuja kusema asante."

Ningependa ungeuona uso wa Nana Fosuaa. Haukusogea hata unyusi. Akapitisha macho kwa wenzake mmoja mmoja, kisha akasema, "Alikuwa mama yetu sote, mzee wangu. Malori yalitukwamisha. Mtusamehe hatukufika." Akapokea soda kwa mikono miwili. Birago aligawa zile chupa mwenyewe, na alipofika kwa Dufie akampa yake kama alivyowapa wengine, "Asante kwa kumzika mama," akapita.

Walipoondoka, Nana akaweka chupa chini.

"Nani?"

Dufie akasimama. Akaiweka soda yake juu ya tenga. "Ni mimi. Nilitumia jina la chama. Na lile karai, Nana... karai lilikuwa langu. Si la Birago. Lilikuwa langu tangu mwanzo." Amelisema. Akasubiri mbingu zishuke.

Hakuna aliyeshtuka. Wale watatu waliinamia nyanya zao. Mmoja, Agyeiwaa, akatafuta kifungulio. "Kaa, Dufie," akasema, "soda inapata moto."

"Hamkunisikia?"

"Tumekusikia," akasema Nana Fosuaa. "Ile kata ya njiwa unadhani sikuijua? Umevaa kitambaa kile kanisani mpaka kikatoboka. Sote tuliijua, siku ile ile."

Dufie akawatazama. "Mlijua. Sasa Birago mlimfukuza kwa lipi?"

"Birago alitaka lori la tatu. Tena anasema wazi, na kesho angemgeuza na mwingine. Wewe ulitaka karai moja, ukalificha, ukaona haya." Nana hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Dufie kuliko yote. "Mwenye haya hanisumbui, binti yangu. Tangu siku ile umewahi kumpa mteja nyanya ya nne?"

Hakuwahi. Hata moja.

"Basi mrudisheni," Dufie akasema. "Nitatoa kondoo mimi. Nitatoa wawili."

"Nikimrudisha niuambie nini mji? Kwamba tulikosea? Wakijua tumekosea hapo watauliza na kwingine." Honi ya lori la pili ikalia langoni. "Fedha ulizotoa zilikuwa zako, msiba umekwenda vizuri, jina letu limekuwa zuri. Kaa, tushushe mzigo."

Ningetaka nikwambie kwamba alivua kitambaa cha chama kiunoni akakitupa miguuni pa Nana, akatoka akamfuata Birago. Hata yeye usiku aliyapanga hivyo kitandani, na maneno yake yote. Lakini mimi nilikuwepo, nikishusha matenga ya lori la kwanza. Dufie alikaa. Aliwaza mashemeji zake, akawaza siku yake mwenyewe itakapofika, viti vya mbele vimefungwa utepe, havina mtu. Akakaa, akanywa ile soda ya msiba, akaimaliza.

Alhamisi Birago akaja uwanjani na karai lake. Bamia ilikuwa hailipi, sasa alitaka nyanya kidogo za kuuzia mezani, mafungu mafungu. Kuna mabanda matano ya kununulia, yeye akaja kwa Dufie. Akauliza bei, akaambiwa, akalipa bila kubishana. Dufie akampimia. Alichagua nzuri, ngumu, alizinusa moja moja kama alivyofundishwa.

"Niongeze basi, Dufie," Birago akasema. Kama mteja yeyote, kama wanavyosema wote kila siku.

Mkono wa Dufie ulishainuka, viganja vyote viwili vimejaa nyanya. Lakini macho yalitangulia. Yalikwenda kwanza ng'ambo ya uwanja, bandani kwa Nana Fosuaa, kuangalia kama anaangalia. Birago akayafuata, akaona yalipofikia, na uso wake ukawa mpole sana.

"Tatu zinatosha," akasema.

Dufie akahesabu tatu, akazirudisha nyingine tengani.